Moshi wa Huib

Mtu wa tanurini hapandi juu kuaga. Hilo Neeltje alilijua kabla hata hajavishwa pete. Manowari ikitoka bandari ya Den Helder, mabaharia wa juu hujipanga ubavuni na kofia zao mkononi, na wanawake hupanda tuta la bahari kule Huisduinen, kila mmoja na kitambaa chake, wakapunga mpaka mabega yaume. Lakini wale walio chini kabisa tumboni mwa meli, wanaolisha moto, hawaoni tuta wala mke. Wanaona geji na mwali, basi. Huib Duinker alikuwa wa huko chini.

Ndipo akabuni ujanja wake.

"Sikiliza," alimwambia Neeltje walipokuwa bado wachumba. "Kila meli hubadilisha mwendo pale kwenye mnara wa taa, iwe inatoka au inaingia. Kengele ya mashine ikigonga, najua tuko mnarani. Hapo nitaminya hewa kidogo, mafuta niyaache. Litaruka bonge moja jeusi kwenye dohani. Moja tu. Huo ndio mkono wangu."

"Na mkubwa wako?"

"Atanitukana. Ndiyo kazi yake."

Maana moshi mweusi kwenye manowari ni aibu, ni kama mtu kutoka nyumbani kavaa gauni ndani nje. Lakini Huib alilirusha bonge lake kila safari, na Neeltje alilijibu kwa kitambaa cha meza, kile chekundu cha miraba, kusudi walio juu wakamwambie aliye chini: yupo, tumemwona. Mama Aagje, mamake Huib, alikuwa akikuna kichwa. "Wanaume wenzake wanaandika barua za mapenzi," alikuwa akisema. "Wa kwangu anachafua mbingu."

Mara ya mwisho ilikuwa mwaka wa thelathini na tisa, manowari yake, Adriaan Roos, ilipopelekwa Indi ya Mashariki. Bonge likaruka, likakatwa na upepo, likaisha. Neeltje alikuwa ameolewa hata mwaka haujatimia.

Yaliyofuata kila mtu wa mji ule aliyapata. Wajerumani waliingia. Mabomu ya kila upande yaliangukia bandari, na yaliyokosa bandari yaliangukia watu. Redio iliyofichwa chini ya makaa ya mawe ya jirani ilisema kwamba Adriaan Roos imezama kwenye bahari ya Java, baadhi ya mabaharia wameokotwa na Wajapani, baadhi hawajulikani. Baadaye kikaja kipande cha karatasi kutoka Msalaba Mwekundu: Duinker, H., hajulikani alipo. Kisha Wajerumani wakabomoa mtaa mzima wa zamani ili mizinga yao iione bahari vizuri, na nyumba ambayo Huib aliiaga ikawa nyasi. Vita ilipokwisha, Neeltje na mama mkwe wake walirudi mjini wakapewa vyumba viwili ghorofani, nyuma ya tuta, kwa watu wasiowajua.

Mama Aagje macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alichukua kiti akakiweka dirishani, kwenye kile kioo kidogo kilichofungwa nje ya fremu ili mtu aone mtaa bila kutoa kichwa. Sura za watu hakuziona tena. Aliona vitu vinavyotembea, na mbingu juu ya tuta.

"Akirudi atanikuta nakaa," alisema. "Sitaki anikute nimelala kama mgonjwa."

Kila wiki walikuwa wakirudi wanaume kutoka kambi za Wajapani, wamekonda, meno hawana, wakiogopa mlango ukifungwa kwa kishindo. Mmoja alirudi mkewe ameshaolewa. Mwingine alirudi baada ya kusomewa ibada ya wafu. Kwa hiyo hakuna mtu Den Helder aliyekuwa na haki ya kumwambia mwenzake, acha kungoja.

Basi asubuhi moja ya masika, mwaka wa arobaini na sita, Neeltje akiwa uani anakamua mashuka, akaja Trijn, jirani wa chini, ambaye mumewe alifanya kazi kwenye karakana ya jeshi la wanamaji. Trijn hakuwahi kubeba habari ikafika nyumbani kwake ikiwa nzima.

"Shoga, umesikia? Adriaan Roos inaingia Alhamisi."

Neeltje hakuinua kichwa. "Haiwezi kuingia. Iko chini ya bahari."

"Ile iko chini. Hii ni nyingine. Waingereza wametuazima. Jeshi letu si halina kitu tena, zilizobaki ni mashua za kuvulia kamba. Sasa wametuazima manowari waliyokwishaichosha wao, wetu wameipaka rangi, wameipa jina la ile. Si unajua hao wanamaji, meli ikifa jina hawaliziki? Wanaivika nyingine."

"Ya kuazima."

"Ya kuazima, ndiyo. Wakiitaka wanaichukua. Nguo ya kuazima haisitiri matako, mume wangu anasema, lakini ni afadhali kuliko kusimama uchi mbele ya dunia." Trijn akacheka, Neeltje naye akacheka kidogo. Kisha Trijn akashika ncha ya pili ya shuka, wakalikamua pamoja, na sauti yake ikashuka. "Kuna jingine. Sijui kama nikuambie."

"Umeshaanza."

"Watu wa tanuri hawapo. Wamekwisha. Kwa hiyo wale wachache waliotoka kambini wakiwa na nguvu hawakuletwa nyumbani kwanza. Wamepelekwa moja kwa moja Uingereza kuichukua meli. Mume wangu kasikia kwa mtu wa ofisini. Mimi sisemi kitu, Neeltje. Nasema nilichosikia."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Neeltje alianika mashuka yote bila kuyakunjua mikunjo, ikabidi ayaanike upya.

Juu, Mama Aagje alikuwa ameshasikia. Macho yalikuwa yamemwacha, lakini masikio yalibaki ya msichana.

"Nilikuambia," akasema.

"Mama, si ile. Ile ilizama."

"Inaitwaje hii?"

"Adriaan Roos."

"Basi."

"Wamelipachika jina tu, Mama. Ni ya Waingereza."

"Na Huib angekuwa hai angeandika, ndivyo unavyotaka kusema."

"Sijasema hivyo."

"Ataandika wapi? Barua ataipeleka kwenye nyasi?" Mama Aagje akapapasa kabatini akatoa mfuko wa njegere kavu, zile za kahawia, chakula cha wanamaji, ambacho Huib alikuwa akila sahani mbili kwa kitunguu na mafuta ya nguruwe. "Alhamisi alisema? Basi Jumatano jioni naziroweka."

Neeltje hakumzuia. Usiniulize kwa nini. Mtu anayengoja pamoja nawe kwa miaka yote hiyo humzuii kuroweka njegere. Na tena, kibanzi alichokiacha Trijn kilikuwa kimeshaingia kidoleni mwake mwenyewe: kama Huib yuko hai, na kama hajui mtaa umebomolewa au anajua lakini hajui walikohamia, angewaita kwa njia gani? Ilikuwa imebaki njia moja tu.

Alhamisi upepo ulitoka magharibi, baridi, mbingu nyeupe kama maziwa. Tuta lilijaa watu. Neeltje alikuwa amekichukua kitambaa cha miraba, amekikunja kwapani chini ya koti, kama mtu anayeona haya kuonekana nacho.

Meli ikatokea. Alipoiona tu alijua. Adriaan Roos yake ilikuwa ndefu, na dohani mbili. Hii ilikuwa fupi, dohani moja, pua imenyanyuka kwa namna ya kigeni. Ilikuwa kama kumwona mtu njiani amevaa koti la marehemu: koti unalijua, mtu humjui. Wanawake kando yake walianza kupunga na kuita majina. Yeye hakukunjua kitambaa. Alijiambia, umeona sasa, nenda nyumbani kamwambie mama yako ukweli.

Meli ikafika usawa wa mnara wa taa. Ikapunguza mwendo.

Na kwenye ile dohani moja likaruka bonge la moshi mweusi. Moja tu. Likapanda, upepo ukalikata, likaisha. Halafu hakuna tena.

Neeltje hakupiga kelele. Mwanamke aliyekuwa pembeni yake alisema baadaye kwamba alidhani yule dada ameumwa na kitu, kwa jinsi alivyokaa chini ghafla kwenye majani yenye umande. Akainuka. Kitambaa kilianguka akakiokota, akaanza kukipunga kwa mikono miwili, meli ikiwa imeshampita, akikipungia kitako cha meli, mpaka akakumbuka kwamba miguu anayo.

Baiskeli yake haikuwa na mipira. Alikuwa ameivisha magurudumu bomba la kumwagilia bustani, kama nusu ya mji. Aliipanda hivyohivyo, ikimtikisa meno, akashuka tuta, akapita mtaani kwao kwa sababu ndiyo njia. Kioo cha dirishani kilimeta. Akasikia kidole kinagonga dirisha, ngo ngo ngo, na sauti ya Mama Aagje kupitia kwenye ufa: "Nimeuona! Neeltje, hata mimi nimeuona!"

Na Neeltje akamwinulia mkono. Hilo ndilo alilokuja kulijutia kuliko yote: kwamba aliinua mkono, akapita.

Langoni mwa bandari kulikuwa na kundi la watu, na mlinzi mmoja kijana mwenye chunusi aliyejipa ukubwa.

"Dada, kaa mstarini. Meli haijafunga hata kamba moja."

"Namtafuta mume wangu."

"Wote hawa wanatafuta waume zao, isipokuwa yule mzee pale, yeye anatafuta anayemdai." Watu wakacheka. "Mume wako yuko sehemu gani?"

"Tanurini."

"Basi atatoka wa mwisho, naye atakuwa mweusi ti. Nakushauri usimbusu kabla hajaoga."

Wakacheka tena, na Neeltje akacheka nao, machozi yakimtoka. Kwa miaka watu walikuwa wakimwuliza mume wako *alikuwa* sehemu gani. Huyu mtoto mwenye chunusi alisema *yuko*.

Akangoja. Kungoja ndiko alikokujua. Walitoka maofisa, wakatoka wa mizinga, wakatoka wapishi. Kila mmoja akapata wa kumshika shingo. Kundi likapungua. Kila uso uliotoka aliutazama mara mbili, maana alikuwa ameona waliorudi kambini na alijua kwamba mtu anaweza kubadilika hata mkewe akampita. Alitafuta masikio. Masikio ya Huib yalikuwa makubwa, na masikio hayakondi.

Mwishowe wakatoka wanne watano kwa pamoja, ngozi imeiva kwa joto, kola zina mafuta. Mmoja wao, mnene, amekuwa mwekundu mpaka shingoni, na wenzake wamemzunguka kama mbwa waliomzunguka paka.

"Mpisheni, mpisheni Baba Moshi."

"Amesalimia mji mzima huyu. Hata Mungu kakohoa."

"Kapteni kasema atakupa nishani, Krelis. Atakupachikia kwa msumari."

Neeltje alisimama mbele yao. "Samahani. Ule moshi pale mnarani. Nani aliutoa?"

"Huyu hapa, dada," akasema mmoja, akimsukuma yule mnene. "Kama ulikuwa umeanika nguo, mdai sabuni."

"Ni wewe?"

"Ni mimi, dada, nisamehe." Krelis alikuwa akiangalia viatu vyake. "Hizi vali za Waingereza ziko kinyume na zetu. Mwendo ulipopunguzwa nikafunga hewa kabla ya mafuta. Ndiyo safari yangu ya kwanza nayo."

"Hakuna aliyekuambia uutoe?"

"Aniambie?" Krelis akainua macho. "Nimetukanwa na meli nzima, dada. Nani angeniambia?"

Wenzake walianza kucheka, kisha wakaona kitambaa chekundu mkononi mwake, na uso uliokuwa juu ya kitambaa, wakanyamaza bila kujua wananyamazia nini.

Nyuma yao alikuwa amesimama mkubwa wao, mtu mrefu aliyebaki mifupa, nywele zimeota mabakamabaka. Alikuwa akikitazama kitambaa.

"Nendeni," akawaambia wale vijana. "Nendeni mkanywe, nakuja."

Walipoondoka akavua kofia. "Mimi naitwa Sietse Postma. Nilikuwa mkubwa wa tanuri kwenye ile ya kwanza. Wewe ni mke wa Duinker."

"Umejuaje?"

"Miraba myekundu. Kila safari kulikuwa na mtu anateremka ngazi kumwambia, yupo na kitambaa chake. Na mimi ndiye niliyekuwa namtukana kwa ule moshi wake." Akaipapasa kofia ukingoni, akaizungusha. "Leo niliposikia kengele ya mashine pale mnarani, halafu yule fala akafunga hewa, nilitukana jina la mumeo. Halikunitoka jina la Krelis. Lilinitoka la mumeo."

Neeltje akauliza, kwa sauti ambayo ingeweza kuwa ya kuulizia bei ya samaki, "Yuko wapi?"

Sietse Postma hakuzunguka. Watu wa kwao Friesland hawajui kuzunguka, na pengine ni afadhali. "Alikuwa zamu, tanuri la mbele. Mimi nilikuwa nimetoka zamu, nakunywa kahawa juu. Kombora lilipiga palepale. Nilishuka mpaka kwenye mlango wa chuma. Haukufunguka."

"Labda alitoka upande mwingine."

"Hakuna upande mwingine, dada."

"Walisema hajulikani alipo."

"Ofisi hawajui alipo. Mimi najua." Akavaa kofia, akaivua tena. "Nilipotoka kambini walinipeleka Uingereza bila kupitia nyumbani. Nilisema nikifika Den Helder nitaenda kwenu nikaseme. Tulipofunga kamba nimeuliza ule mtaa, nikaambiwa haupo."

Neeltje alikunja kitambaa. Akakikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama kinarudi kabatini. Alitaka kusema asante, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na aliisema.

Nyumbani ngazi zilinukia kitunguu na mafuta ya nguruwe. Trijn alikuwa ametoa mgao wake wa wiki. Mezani palikuwa na sahani tatu, na Mama Aagje alikuwa amevaa kofia ya kanisani.

"Wamemchelewesha," akasema kabla mlango haujafungwa. "Nilijua. Lazima waisafishe kwanza."

"Mama."

"Au anaoga. Mwache aoge."

Neeltje akakaa mbele yake, akamshika mikono. Akamweleza yote, polepole, kuhusu Krelis na vali, kuhusu Sietse, kuhusu mlango. Hakuacha kitu, isipokuwa hakusema kwamba Sietse alikuwa akinywa kahawa, kwa sababu aliona Mama Aagje asingemsamehe. Mama Aagje alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa mikono yake.

"Panapofuka moshi pana moto. Nimeuona kwa macho haya yasiyoona."

"Yule kijana alikosea, Mama."

"Alikosea mahali palepale? Kwa bonge moja, kama la Huib?"

"Mahali pa kukosea ndipo pale. Mwendo unabadilika pale."

"Ngoja nikuulize, mwanangu." Mama Aagje hakupandisha sauti. "Wakati wa vita ulikuja ukaniambia Adriaan Roos imezama. Nikalia. Leo Adriaan Roos iko bandarini, mji mzima umeiona, jina lake limeandikwa ubavuni. Sasa unaniambia mwanangu amezama. Kwa nini nikuamini mara ya pili?"

Walioipa meli ile jina walikuwa na nia njema, walitaka kuwaheshimu waliokufa. Hawakumfikiria mwanamke mmoja dirishani ambaye angelichukua jina kuwa ahadi.

"Nipeleke," akasema Mama Aagje. "Nikaione mwenyewe."

Njegere hakuzila mtu. Neeltje aliwateremshia wa chini sufuria nzima.

Jumapili walifungua meli kwa watu wa mji. Neeltje alimwongoza mama mkwe wake kwa kiwiko, hatua kwa hatua, na Sietse Postma alikuwa amesimama juu ya ngazi ya meli kana kwamba alikuwa akiwangoja hao tu. Alimpa Mama Aagje mkono wake.

Mama Aagje alikuwa amewahi kupanda ile ya kwanza, siku Huib alipoanza kazi. Sasa alitembea na kiganja ukutani, akigusa chuma, kamba, vichwa vya misumari. Alikuwa kama mtu anayepapasa chumba cha nyumba yake mwenyewe gizani, akikuta kabati mahali pa kitanda. Mara mbili alisimama, akageuza sikio kuelekea chini, kwenye mvumo wa mashine.

Wakafika kwenye kengele ya meli. Mkono wake ukaikuta, shaba, imesuguliwa. Akayapapasa maandishi yake kwa kidole gumba.

"Hili si jina lake."

"Hapana, mama," akasema Sietse. "Kengele tumeiacha ya kwao. Ubavuni tumepaka rangi, lakini kengele haipakwi rangi. Hilo ndilo jina lake alilozaliwa nalo."

Vidole vikashuka mpaka ukingoni, vikaingia kwa ndani. Vikasimama. "Na humu ndani? Humu pia pameandikwa."

"Ni watoto, mama. Kwa Waingereza baharia akipata mtoto, huigeuza kengele, wakatia maji, wakambatiza humo. Kisha wanachonga jina."

Mama Aagje aliyapitia yote, moja moja, bila kuweza kuyasoma. Watu waliokuwa wakingoja nyuma walianza kuguna. Sietse akawatazama tu, wakaacha.

"Wengi," akasema.

"Wengi, mama."

"Na meli yao watarudishiwa?"

"Watarudishiwa. Ni ya kuazima."

"Mmeandikiana mkataba?"

"Tumeandikiana. Ikipotea kitasa kimoja tutakieleza."

Mama Aagje akatoa mkono ndani ya kengele. Akafuta shaba kwa kona ya mtandio wake mahali alipoacha alama za vidole, kama afanyavyo mgeni mwenye adabu. "Basi itunzeni," akasema. "Mimi wangu nilimtoa bila kuandikiana."

Akamgeukia Neeltje, au mahali alipodhani Neeltje yupo. "Twende nyumbani, mwanangu. Mguu unaniuma."

Njiani hakulia. Alilia usiku huo na siku iliyofuata, na Neeltje alilala naye kitanda kimoja, kama watu waliotoka kuzika. Kiti Mama Aagje hakukiondoa dirishani, lakini akakigeuza kikatazama ndani, jikoni, ambako kulikuwa na joto.

Mwezi uliofuata Adriaan Roos ilitoka kwenda mazoezini. Neeltje hakuwa na mtu ndani yake. Alijiambia anakwenda Huisduinen kuokota vijiti vya kuwashia jiko, na akapanda tuta mikono mitupu, kitambaa amekiacha kabatini. Alisimama mbali na wale waliokuwa na watu wao.

Meli ikafika mnarani. Akasikia mvumo ukibadilika, ukipanda. Alijua hakuna aliye chini mule anayemjua isipokuwa Sietse, na Sietse asingeruhusu. Alijua yote. Hata hivyo aliikazia macho ile dohani moja, akaomba, si kwa ajili ya Huib, aliomba tu yule mnene mwekundu akosee tena. Afunge hewa kabla ya mafuta. Kidogo tu.

Meli ikapita. Juu ya dohani hewa ilitetemeka kwa joto, safi, hata uzi wa moshi haukuwepo.

Walikuwa wamejifunza.

Aliporudi, Mama Aagje alikuwa akimenya viazi kwa kupapasa, maganda yakianguka nje ya beseni.

"Imepita?"

"Imepita, Mama."

Mama Aagje akasogeza beseni katikati, akampa kisu cha pili.